Nimeonyeshwa Evo ya steshenwagoni: ni mali au ni beji?

Swali limetoka kwa msomaji wa Likoni:

"Shikamoo fundi. Nina mke na watoto watatu, na gari letu ni Mitsubishi Lancer Cedia Wagon. Wiki iliyopita rafiki yangu alinipeleka Nyali nikaone Mitsubishi Lancer Evolution (Evo) ambayo ni steshenwagoni, ya mwaka 2006, gia sita za mkono, rangi ya fedha. Mwenyewe anataka milioni 2.6. Anasema zilitengenezwa chache, bei inapanda kila mwaka, na hata Wamarekani wanazitafuta. Mimi nilijua Evo ni saluni tu. Kweli kiwanda kilitengeneza gari kama hili? Na nikitia pesa zangu hapo, nitakuwa nimeweka akiba au nimezitupa baharini?"

Marahaba mwanangu. Nianze na lililo jepesi. Ndiyo, gari hilo lipo, na lilitoka kiwandani hivyo hivyo. Mitsubishi walilitoa Septemba 2005 kwa jina la Lancer Evolution IX Wagon, kwa soko la Japani peke yake, wakatangaza kwamba watatengeneza 2,500. Lilikuja kwa namna mbili: GT yenye gia sita za mkono, na GT-A ya otomatiki yenye gia tano. Mwaka uliofuata likafuata toleo la MR, kisha hadithi ikaisha. Evo X ilipokuja 2007 haikuwa na steshenwagoni.

Injini ya hiyo GT ni 4G63 ya turbo, sisi (cc) 1,997, na karatasi inasema nguvu farasi 280. Hiyo 280 utaikuta kwenye kila gari kali la Kijapani la miaka ile, kiasi cha kudhani wote walikuwa wakipima kwa mzani mmoja. Watengenezaji wa kule walikuwa wamekubaliana tangu 1989 kwamba hakuna atakayetangaza zaidi ya hapo, na makubaliano yakadumu mpaka 2004. Kwa hivyo ukikutana na muuzaji anayekutajia farasi za kwenye karatasi kama aya, mwache amalize, kisha mwambie akufungulie boneti.

Sasa twende kwenye lenye uzito. Kutia injini kali kwenye gari la familia si kazi ngumu, vijana wa gereji za hapa wanaifanya kila siku. Kazi iko kwenye bodi. Saluni ina ukuta wa bati nyuma ya kiti cha abiria, na ukuta ule ndio unaoshikilia ubavu wa kulia na wa kushoto visichezeane. Steshenwagoni haina ukuta. Ina tundu kubwa la mlango wa buti, kama sanduku lililotolewa upande mmoja: ukilisukuma, linalala. Ukiipa farasi 280 na magurudumu manne yanayovuta, kila kona unaikamua bodi kama unavyokamua nazi.

Mitsubishi walichukua sakafu, miguu na mashine za Evo, wakazifunika kwa sehemu ya juu ya Lancer Wagon, yaani dada yake hiyo Cedia yako. Halafu wakaimarisha ukingo wa tundu la buti na kuongeza nukta za kulehemu kulizunguka. Na kwa kuwa magurudumu ya nyuma ya Evo yametanuka kuliko ya Cedia, ikabidi bati la ubavu wa nyuma livimbe kuyafunika. Kazi hizi hazionekani kwenye picha ya tangazo. Ndizo anazolipia mtu anayekusanya magari, kwa sababu ndizo ambazo hakuna gereji inayozirudia sawasawa.

Utaniuliza, kama ni nzuri hivyo mbona ni chache? Kwa sababu mteja wa mbio hataki buti, na mteja wa buti hataki mbio. Hapa kwetu steshenwagoni imekuwa gari la kazi tangu enzi za Pijoti za kwenda Malindi, watu wamejipanga safu tatu na mizigo juu ya paa. Leo ni Probox. Huko nje nako ni vivyo hivyo: baba wa watoto watatu anaangalia mafuta, na kijana mwenye pesa ananunua gari la milango miwili. Anayevitaka vyote viwili ni mtu mmoja mmoja, na kiwanda hakikai kwa mtu mmoja mmoja. Ndiyo maana magari haya hutoka pale tu wahandisi wanapomshinda mhasibu, tena kwa muda mfupi.

Mfano unaotajwa kila mahali ni Audi RS2 Avant. Audi walikuwa na steshenwagoni ya kawaida na injini ya silinda tano, sisi 2,226. Wakaipeleka kwa Porsche, nao wakaiunganisha kwenye kiwanda chao cha Zuffenhausen, wakaitia breki zao, rimu zao na vioo vya pembeni vya gari lao la 911. Ikatoka na farasi 315. Kati ya 1994 na 1995 zikatengenezwa 2,891. Gazeti la Uingereza la Autocar lilipoipima, ilifika maili 30 kwa saa haraka kuliko McLaren F1, gari la michezo la kasi kubwa. Na hiyo Audi ni gari la kubebea mbwa na vifaa vya kambi, mwanangu.

BMW nao walikuwa na M5 Touring ya 1992 hadi 1995, farasi 340, zikaishia 891. Zote zina usukani wa kushoto. Liweke hilo akilini, nitalirudia.

Lakini inayonipendeza mimi zaidi ni Volvo 850. Mwaka 1994 Volvo waliingiza steshenwagoni mbili kwenye mashindano ya mbio za magari ya Uingereza, BTCC, wakiendesha Rickard Rydell na Jan Lammers. Watu wakacheka. Hazikushinda hata mbio moja, na mwaka uliofuata kanuni zikaruhusu mabawa ya kulikandamiza gari chini, ambayo steshenwagoni haiyatumii vizuri, Volvo wakahamia saluni. Ila msimu ule mmoja ulitosha. Mwaka 1995 wakauza 850 T-5R, nyingine rangi ya manjano iliyopauka kama siagi, na mpaka leo anayeitafuta anaitafuta kwa sababu ya zile mbili zilizochekwa. Sisi Wakenya tusishangae. Joginder Singh alishinda Safari Rali ya 1965 kwa Volvo, akaja akashinda tena 1974 na 1976 kwa Lancer, na mapenzi ya nchi hii kwa Lancer yalianzia pale.

Japani ndiko kulikokuwa na wingi. Nissan Stagea 260RS, kazi ya Autech, 1997 hadi 2001, imebeba injini ya RB26 ya GT-R, gari kali la Nissan, na gia tano za mkono. Hiyo ndiyo sultani wao. Kisha Mitsubishi Legnum VR-4, silinda sita na turbo mbili. Toyota Caldina GT-Four. Crown Estate Athlete V na Mark II Blit zenye injini ya 1JZ ya turbo. Subaru Legacy GT-B. Baadhi ya hizi umezipita kwenye foleni ya feri bila kujua.

Na hapo ndipo Mombasa inapoingia. Gari la mtumba linalopita bandarini kwetu sharti liwe halijapita miaka minane, na usukani uwe kulia. Angalia sheria hiyo inafanya nini. Ile M5 Touring, kwa usukani wake wa kushoto, imefungiwa nje milele. Stagea ya 1998 mwisho wake wa kuingia ulikuwa takriban 2006. Evo Wagon ya 2006 mwisho wake ni takriban 2014. Baada ya hapo mlango umefungwa. Zilizoko ndani ndizo hizo hizo, na kila inayogongwa au kuliwa na kutu imepunguza hesabu. Kwa hivyo muuzaji wako anaposema ni chache, hadanganyi. Kwa Kenya ni chache hata kuliko anavyojua.

Lakini sheria hiyo hiyo ni kipimo chako cha kwanza, na huhitaji hata kushuka kwenye gari lako. Tazama nambari. Herufi za KBA zilianza 2007, KCA ikaingia 2014. Evo Wagon ya 2006 iliyoingia kihalali inatakiwa iwe na nambari ya KB, au KC za mwanzo mwanzo kabisa. Ukikuta KCP au KD-chochote, uliza ilipita mlango gani. Pengine kuna jibu zuri. Lisikilize, lakini liwe na karatasi.

Kipimo cha pili ni chesisi. Fungua boneti, tazama lile bati linalotenga injini na miguu ya dereva. Pale pana kibao, na pembeni yake nambari imegongwa kwenye chuma chenyewe. Evo Wagon halisi inaanza na CT9W. Ukiona CS5W au CS2W, hiyo ni Cedia kama yako iliyovalishwa kanzu ya bwana harusi. Usiishie kusoma. Lete tochi, uangaze kwa ubavu, utazame kama bati limekatwa na kupachikwa jingine. Rangi itakuwa na kivimbe, au kutakuwa na mstari kama wa kovu. Kisha linganisha na logibuku, na ulitafute gari kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri, kabla hujatoa hata shilingi ya chai.

Mbona nasisitiza hivyo? Kwa sababu injini ya 4G63 inapatikana. Evo za saluni zimegongwa nyingi nchini, na injini zake, viti vyake vya Recaro na breki zake za Brembo zimebaki zikitafuta pa kuishi. Mtu akiwa na Cedia Wagon na subira, anaweza kukujengea gari linalofanana kabisa, lenye injini halisi ya Evo ndani. Litakimbia, ndiyo. Huenda hata likakufurahisha. Lakini ni Cedia, na siku ya kuliuza utauza Cedia. Mimi nimewaona wenye Subaru Forester za kawaida wamebandika beji ya STI, toleo kali la Subaru, na wengine wameishi na ile beji mpaka wakaiamini wenyewe. Forester STI ya kweli ina chesisi ya SG9, basi.

Sasa wewe una bahati ambayo wanunuzi wengi hawana: kitabu cha kiada kiko nje ya nyumba yako. Kabla hujaenda Nyali, fungua mlango wa buti wa Cedia yako. Ivute ile raba ya mlango taratibu, itatoka kwa mkono bila kisu. Chini yake utaona ukingo wa bati mbili zilizobanwa pamoja, na juu yake vidoa vya duara vilivyobonyea kidogo, kama alama za kidole kwenye unga. Hizo ndizo nukta za kulehemu za kiwandani. Pima kwa vidole umbali kati ya kidoa na kidoa, kwenye pembe za juu na za chini. Piga picha. Kisha nenda ukafanye hivyo hivyo kwenye Evo. Kwenye gari halisi utakuta vidoa vimesogeleana, na pembe ni nene zaidi. Ukikuta vinafanana na vya Cedia yako, irudishe raba mahali pake, mshukuru mwenyewe, uage.

Chukua na sumaku ndogo, uifunge kwenye kitambaa laini usikwaruze rangi. Ipitishe kwenye ule uvimbe juu ya gurudumu la nyuma, pande zote mbili. Kwenye bati la kiwanda itashika sawasawa toka mlangoni mpaka kwenye taa. Ikiteleza au ikianguka, ndani pana fila, ule udongo wa kuzibia bodi, au faiba. Ama uvimbe ni wa bandia, ama kutu imekula ikafunikwa, na vyote viwili ni habari mbaya kwa pesa zako.

Kutu ya hapa naiogopa kuliko injini. Gari la Nyali linalala na upepo wa chumvi kila usiku, na kama mwenyewe ameliegesha nje likitazama bahari kwa miaka kumi, ulizia. Injini ya 4G63 unaweza kuifungua, ina bloku ya chuma cha kusubu ya kizamani, haina makuu, na mafundi wanaoijua wapo. Kioo cha nyuma na mlango wa buti ni wa ukoo wa Cedia, utahangaika kidogo lakini utapata. Lile bati la ubavu wa nyuma ndilo halina nduguye. Likioza, hakuna duka la spea litakalokuuzia jingine, na kulikata na kulichomea upya ni kuitupa ile kazi ya kiwanda niliyokueleza mwanzo. Inama uangalie ndani ya matao ya magurudumu, na chini ya zulia la buti panapoketi shoki za nyuma.

Nikupe mkasa wangu, unaniuma mpaka leo. Mwaka 2007 nilinunua Legacy GT-B ya 1997, steshenwagoni, gia za mkono. Injini yake ina turbo mbili: moja inaanza kazi chini, ya pili inaingia baadaye, na katikati gari linashika pumzi kidogo kabla ya kukurusha. Kuziongoza kuna mipira myembamba myeusi, imejaa kama tambi za Idi. Mmoja ukapasuka kwa joto, gari likakosa nguvu mlima wa Mazeras. Gereji moja ya mjini ikanishauri tung'oe mambo yote hayo, tutie turbo moja ya Forester. Nikakubali, nilikuwa na haraka. Zile turbo za asili na mipira yake vikaenda kwa chuma chakavu. Gari likapona na nikalifurahia miaka mitano. Kisha akaja mnunuzi kutoka Nairobi, mtu aliyekuwa akilitafuta gari hilo kwa jina. Alifungua boneti, akaangaza tochi muda usiotosha kumeza mate, akaifunga. Akanipa bei ya Legacy ya kawaida. Akanywa chai yangu, akaenda zake. Mpira wenyewe uliopasuka ungenigharimu chini ya bei ya tairi moja.

Kwa hivyo ukilinunua, kila kilichokuja nalo kitunze, hata kile kilichokufa. Kifunge kwenye gunia, ukiweke darini.

Matumizi nisikufiche. Injini hizi zilipimwa kwa petroli ya Kijapani ya daraja la juu, inayofika oktani 100. Ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Tia iliyo bora unayoipata, na ukisikia injini inagonga kama kokoto ndani ya kopo ukipanda Kaloleni, toa mguu. Mkanda wa taimingi ubadilishe mara tu ukilinunua, hata akuapie kwamba ni mpya. Na ubadilishe pamoja na ule mkanda mdogo wa mizani ulioko nyuma yake, kwani huo ukikatika hujisokota ndani ya mkubwa na kuondoka na vali. Mafundi wengi huuacha kwa kuwa hauonekani. Kwenye foleni ya feri, mchana wa Februari, utatazama mshale wa joto kuliko unavyomtazama mkeo. Ukiwahi, zungukia Dongo Kundu, gari likapumue.

Haya, pesa. Habari ya Wamarekani ni kweli kwa nusu. Kwao gari likitimiza miaka 25 linaruhusiwa kuingia bila masharti ya usalama ya magari mapya, ndiyo maana Stagea za 1997 zilianza kugombaniwa 2022. Evo Wagon za kwanza zitafika umri huo 2030, na hiyo ya 2006 mwaka unaofuata. Lakini Mmarekani ananunua mnadani Japani, gari lenye cheti cha ukaguzi na lisilowahi kuona barabara ya Samburu. Usipange maisha yako juu ya kwamba atakuja Nyali. Mnunuzi wako wa kweli ni Mkenya mwenzako, nao wanaojua ni wachache, wanaulizana, na hawana haraka. Unaweza kukaa na tangazo mwaka mzima. Bima nayo itakusumbua, kampuni nyingi huwa nzito kulipa gari la umri huo bei unayoijua wewe, kwa hivyo tafuta tathmini ya maandishi mapema.

Rai yangu ni hii. Kama ni CT9W ya kweli, bodi safi, mashine za asili, na milioni 2.6 hizo si ada ya watoto, basi nunua, na Cedia ibaki ya shule na ya sokoni. Hutapata nyingine. Kama ni CT9W lakini ubavu umejazwa fila, mpe bei ya Evo ya saluni iliyochoka na usimwongeze. Kama ni ya kukopea, niambie nikukataze kwa sauti. Na wasiwasi wangu mmoja ni huyo mwenyewe kukusomea Wamarekani kabla hata hujauliza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwenye gari kama hili halisi kwa kawaida ndiye anayekuuliza wewe maswali.

Ukienda, nenda asubuhi na mapema, na mpigie simu ukiwa umeshafika getini. Kabla hajalitia ufunguo, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, amelipasha kwa ajili yako. Mwambie utarudi kesho, na kesho usimpigie kabisa.